Mtutu wa Sita

Kifaru kilifika Muaither, kitongoji katika nchi ya Waarabu, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, juu ya trela, na kufikia saa tano Milka alikuwa ameshaambiwa kwamba kitakuwa kazi yake, baada ya vyombo na kabla ya nguo. Mama wa nyumba alimkabidhi ndoo mpya, matambara sita na chupa ya sabuni yenye picha ya limau. Akamwonya asiichanganye ndoo hiyo na ile ya choo.

Kilikuwa kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, cha tani ishirini na tatu, rangi ya mchanga. Abu Fahad, mwenye nyumba, alikinunua kwenye mnada huko Ulaya kwa sababu jirani wa kulia alikuwa na ngamia wa mashindano na jirani wa kushoto alikuwa na magari ya kale kumi na moja, na mtu hawezi kukaa katikati ya watu kama hao akiwa na ua mtupu. Kiliegeshwa ubavuni mwa majlisi, chumba cha wageni wanaume, chini ya neti ya kijani, mzinga wake ukielekea matangi ya maji ya jirani wa kulia. Jirani alikuja kukitazama, akasema mashallah, akakataa kahawa.

Pamoja na kifaru alikuja Collins, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka gereji moja ya Industrial Area, mtu wa Ahero, ambaye kazi yake ilikuwa kukiwasha kila Alhamisi injini isije ikakwama. Collins alikuwa amesoma kitabu cha maelezo chote akiwa njiani kutoka bandarini, na hakuwa mtu wa kukaa na elimu peke yake. Alimwonyesha Milka ule mnara unaozunguka juu ya kifaru, kisha mitutu mifupi iliyobanwa pembeni mwake, mitatu kulia na mitatu kushoto, yote ikitazama juu kwa mshazari.

"Hii si ya risasi," alisema. "Hii ni ya moshi. Kifaru kikizidiwa, mtu wa ndani anabonyeza swichi, mabomu ya moshi yanaruka mbele, moshi unatanda, na chenyewe kinarudi kinyumenyume bila mtu kukiona."

Milka aliuliza kwa nini kitu kikubwa namna ile kijifiche.

"Kikubwa ndicho hujificha, Mama Jerop. Kidogo nani anakitafuta?"

Alimweleza pia kwamba Wajerumani wenyewe waliacha kuifunga mitutu hiyo vita vikiwa bado vinaendelea. Risasi ndogo tu ya bunduki ilitosha kuiwasha kifaru kikiwa kimesimama, na moshi uliokusudiwa kumfumba macho adui ukawarudia walio ndani, wakakohoa na kupapasana wasijue mlango uko wapi. Milka alisikiliza huku akikamua tambara. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, wa maneno machache, na mambo ya Wajerumani hayakumhusu. Alikuwa na lake.

Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha mwezi wa Machi, na sasa ulikuwa Oktoba. Pasipoti yake ilikuwa katika ofisi ya Abu Fahad, droo ya pili, chini ya pasipoti ya kozi, yule ndege wa kuwindia. Kozi wa Abu Fahad alikuwa na pasipoti yenye mihuri ya nchi tatu, na mwaka ule alikuwa amesafiri mara mbili. Milka alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyeipangusa droo. Ya kwake hakuichukua. Alilelewa kutochukua kitu kwenye droo ya mtu, hata kikiwa chake.

Kila tarehe mosi aliomba aende nyumbani. Mwanzoni Abu Fahad alisema inshallah, baada ya Ramadhani. Kisha akasema baada ya joto. Kisha baada ya kifaru kufika. Kule kwao Mosoriot, binti yake Jerop, aliyemwacha na miaka mitatu, alikuwa anakaribia sita na angeanza darasa la kwanza Januari. Milka alijiapia moyoni kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayemshika mkono mpaka lango la shule. Mtoto alikuwa ameambiwa na mwalimu achore watu wa nyumbani kwao, akamchora nyanya, ng'ombe wawili na mstatili. Mwalimu aliuliza mstatili ni nini. Akajibu kwamba ni mama.

Jerop alipouliza kwenye simu anakuja lini, Milka alijibu kwamba hajui, kwa sababu hakujua. Nyanya ya mtoto alimkaripia. Mtoto apewe siku, alisema, hata ya uongo, apate usingizi. Milka hakuweza.

Jumatano Abu Fahad aliingiza pua yake kwenye mtutu mmoja na kuitoa haraka. Mitutu ilinuka kutu, mafuta ya zamani na kitu kilichofia ndani. Alhamisi wangekuja wageni. Alimwagiza Milka aiondoe harufu hiyo, kwa namna yoyote.

Sabuni ya limau ilishindwa. Basi Milka akafanya alichokijua. Kwao Nandi, chombo chenye mdomo mwembamba na harufu mbaya hakioshwi tu, kinafukizwa. Kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, huingizwa kijiti cha mti wa senetwet chenye ncha ya moto, kikasuguliwa ndani mpaka masizi yashike ukutani na harufu ya jana itoke. Mama yake alikuwa amemtilia vijiti vitano vya senetwet kwenye sanduku, vimefungwa kwa gazeti, kwa sababu mtu haendi kuishi ugenini bila uwezo wa kufukiza kibuyu. Kibuyu chenyewe hakikuwapo, lakini hilo lilikuwa jambo jingine. Vijiti vilikuwa vimekaa chini ya kitanda chake miaka miwili na nusu.

Alichukua makaa kutoka kwenye chetezo cha majlisi, yakiwa bado na mabaki ya udi. Akawasha kijiti, akakiingiza kwenye mtutu wa kwanza, akasugua kwa ufito wa mtende, akakung'uta jivu, akaenda wa pili. Alipomaliza wa sita, mitutu yote ilikuwa myeusi na mikavu ndani na ilinukia kama vibuyu vinavyongoja kutiwa maziwa.

Wesley, askari wa lango, mtu wa Bomet, alitoka kwenye kibanda chake akauliza nani ameleta mursik. Collins alikuwa juu ya kifaru na spana mkononi.

"Nyinyi watu wa maziwa," alisema, "mkipewa bunduki mtaitia maziwa kwanza."

"Na nyinyi mtaitia samaki wenu, omena," Wesley akamjibu, akarudi kibandani.

Alhamisi alasiri walikuja wageni kumi na mmoja. Wakanywa kahawa, wakala tende. Mmoja wao, bila nia mbaya, aliuliza kama kifaru hiki kilipigana kweli. Abu Fahad alisema kilipigana mara tatu na kushinda mara tatu. Karatasi alizokuwa nazo Collins zilisema kwamba maisha yake yote kilikuwa katika shule ya madereva.

Mtutu wa kwanza wa kulia ulitoa moshi. Ulikuwa moshi mweupe, wa taratibu, wala haukuwa na bomu ndani wala moto. Uliingia kwa mlango wa majlisi, ukashuka mpaka kimo cha mtu aliyeketi, ukapita mbele ya kila mgeni kwa zamu kuanzia kulia. Ulinukia udi na kwa mbali ulinukia zizi safi la asubuhi. Wageni walikuwa watu waliolelewa vizuri. Walijua kwamba udi ukishazungushwa hakuna tena kukaa. Kila mmoja aliupepea kwa kiganja kuelekea kilemba chake na ndevu zake, akamwombea mwenyeji baraka, akavaa viatu, akaondoka. Sinia la wali na mbuzi mzima lilikuwa bado halijaletwa.

Abu Fahad alibaki peke yake na jibu ambalo hakuna aliyebaki kulichunguza. Aliita Milka, akauliza nani amewasha chetezo. Chetezo kilikuwa jikoni, kimeoshwa. Akatoka nje, akautazama mtutu, akaugusa. Ulikuwa wa vuguvugu. Akasema vizuri, na akaamuru mbuzi agawiwe.

Tarehe mosi Novemba Milka alimkuta amesimama mbele ya kifaru na kikombe cha chai. Aliweka ndoo chini, akaomba pasipoti yake. Abu Fahad alimjibu kwa upole kwamba pasipoti haipo nyumbani, iko kwa mandubu, yule mtu wa kuzungusha karatasi zake maofisini, inaongezwa muda.

Mitutu mitatu ya kushoto ilitoa moshi kwa pamoja. Ulimfunika Abu Fahad kuanzia ndara mpaka kichwani. Ulipopungua, alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyumba, uso bado ukimwelekea Milka, kikombe hakijamwagika. Milka alizihesabu hatua. Zilikuwa saba, za kinyumenyume, kama alivyoeleza Collins.

Kuanzia hapo jambo hilo likawa sehemu ya nyumba, kama kiyoyozi. Mama wa nyumba alipouliza Abu Fahad amechelewa wapi, mtutu mmoja. Shemeji yake alipouliza habari za shamba la urithi, miwili. Collins alifuatilia kwa chaki kwenye mnyororo wa kifaru, akagundua kwamba jambo dogo hula mtutu mmoja au miwili, na jambo lenye mtu ndani yake hula mitatu na zaidi. Mtutu wa sita, ule wa nyuma kushoto kabisa, haukutoa kitu tangu ile siku ya tarehe mosi. Hata siku hiyo, Milka alikumbuka, ulitoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Collins alichungulia ndani akasema huenda umeziba.

Wiki ya pili ya Novemba walikuja waamuzi wa tuzo. Klabu moja ya wafanyabiashara ilikuwa ikitoa tuzo kila mwaka kwa Nyumba Yenye Huruma, yaani nyumba inayowatunza wafanyakazi wake kupita nyingine, na Abu Fahad alikuwa amelipendekeza jina lake mwenyewe. Walikuja mwanamke mmoja mwenye fomu na mwanamume mmoja mwenye kamera. Walikaribishwa uani, mbele ya kifaru. Milka aliambiwa avae aproni mpya na asimame karibu.

Mwanamke mwenye fomu aliuliza kama kadama, yaani mtumishi wa ndani, ana chumba chake. Abu Fahad alisema anacho, kikubwa, chenye dirisha. Kitanda cha Milka kilikuwa kati ya mashine ya kukaushia nguo na tangi la maji moto. Mtutu mmoja. Aliuliza kama anapata siku ya mapumziko. Kila Ijumaa, alisema Abu Fahad, anakwenda kanisani Mesaimeer na wenzake. Milka alikuwa amefika Mesaimeer mara mbili, Krismasi zote mbili. Mitutu miwili. Kisha mama yule akageuza karatasi akauliza pasipoti ya mfanyakazi anaiweka nani.

"Yeye mwenyewe," alisema Abu Fahad.

Mitutu mitano ilitoa moshi kwa mara moja. Ua ulijaa mpaka kwenye neti. Waamuzi hawakuonekana, kifaru hakikuonekana, na Milka hakuuona mkono wake. Alijua kwamba kama kuna siku ya kusema, ndiyo hii. Hakuwahi kusema neno mbele ya wageni. Moshi ulimsaidia, kwa kuwa hakuna aliyemtazama.

"Pasipoti yangu iko ofisini," alisema. "Droo ya pili. Chini ya ile ya kozi."

Kisha sauti ya yule mama ilitoka moshini, nzuri, isiyo na haraka. Ilisema kwamba amemsikia vizuri sana na anamshukuru, ila kwa sasa haoni mahali pa kuandika.

Moshi ulipopungua, waamuzi walikuwa wakinusa mikono ya nguo zao. Kwenye fomu, mbele ya maswali yote kumi na mawili, palikuwa pameandikwa neno moja, ukarimu. Wakashukuru, wakainama kama wa kuvaa viatu, ingawa hawakuwa wamevivua, wakaondoka. Abu Fahad alipewa tuzo ya kioo. Picha ilitoka kwenye jarida la klabu, nayo ilionyesha moshi, na chini kulia pembe ya aproni.

Baada ya tuzo watu walianza kuja kukiazima kifaru. Jirani wa kulia ndiye aliyetangulia, ngamia wake akiwa na jambo lililohitaji kutoulizwa. Kisha zikafuata kampuni. Kila Jumapili trela lilikuja kukichukua kifaru na kukipeleka kwenye ukumbi wa hoteli, ambako watu walikutana kuzungumzia ustawi wa wafanyakazi. Kilisimamishwa kando ya jukwaa, kati ya bendera na maua. Mkutano ulianza saa tatu, maswali yakaruhusiwa saa nne, na saa nne na dakika tano kila mtu alikuwa amefukizwa na yuko njiani kwenda chakulani. Walioandaa walisema hawajawahi kuona mikutano inayokwenda kwa wakati namna hiyo.

Milka alikwenda na kifaru kila mahali, kwa sababu mitutu ikishatoa moshi mara nne au tano ilichacha, ikahitaji kufukizwa upya. Abu Fahad alijaribu kumpa kazi hiyo kadama wa jirani, mwenye nguvu na sabuni. Moshi ukatoka ukinuka tambara bichi, na wageni walibaki wamekaa wakiendelea kuuliza. Basi Milka akatengenezewa kadi ya kuning'iniza shingoni, yenye maneno Mtaalamu wa Moshi. Tarehe mosi Desemba aliomba aende nyumbani. Safari hii mandubu mwenyewe alikuwapo, na alimweleza kwa kirefu kwamba kadama anaweza kwenda wakati wowote, hiyo ni haki yake, lakini mtaalamu hawezi kuachiwa mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Na wa kushika nafasi yake lazima atoke huko huko kwao. Na kibali cha kumleta mtu kwa kazi hiyo hakipo, kwa kuwa kazi hiyo haipo.

Alirudi kwenye ndoo yake. Collins, aliyekuwa ameyasikia yote, hakufanya mzaha siku hiyo.

"Tuitoe," alisema. "Wajerumani waliitoa."

Alhamisi hiyo alifungua boliti zote kumi na mbili, akaitia mitutu kwenye gunia, akaondoka nayo kwenda Industrial Area kwa basi la kampuni, gunia likiwa magotini. Ijumaa moshi ulitoka kwenye matundu ya boliti. Ulikuwa mwembamba zaidi na ulifika mbali zaidi. Abu Fahad aliupenda, lakini alisema kifaru bila mitutu kinafanana na mtu aliyenyolewa nyusi, akaagiza irudishwe. Collins aliirudisha Jumamosi. Alikaza boliti bila kumtazama Milka.

"Nimejaribu, Mama Jerop."

"Najua, fundi. Asante."

Milka alikuwa amebaki na tumaini moja, nalo lilikuwa chini ya kitanda. Vijiti vitano vilikuwa vimebaki kimoja na nusu. Hakuwa mchoyo navyo. Alivichoma vinene, akasugua mara mbili mahali pa mara moja, na tarehe kumi na tisa Desemba kijiti cha mwisho kiliisha mkononi mwake. Alikwenda kwa Abu Fahad akamwambia kazi imekwisha, dawa haipo. Alisema ukweli, na hakuna mtutu uliotoa kitu.

Siku ya nne mitutu ilichacha. Jumanne, familia ikiwa mezani kwa chakula cha mchana, mandubu alipiga simu kuhusu jambo la kiwanja, na mwishoni, kwa kujaza tu maneno, akauliza kama yule kadama bado yupo. Lilikuwa swali dogo, dogo kama risasi ya bunduki. Moshi haukwenda nje. Uliingia kwa milango na madirisha, ukapanda ngazi, ukashuka kwenye makabati. Ulikuwa wa kijivu na ulinuka kibuyu kilichosahauliwa.

Ulikaa siku tatu. Familia iliendelea na maisha yake. Walitembea mkono mmoja ukutani. Mama wa nyumba alimkaripia mtoto wake mkubwa kwa nusu saa, kisha ikafahamika kwamba alikuwa shemeji. Abu Fahad aliutuma mwavuli dukani na kukasirika ulipokawia. Wote walikohoa, na kila mmoja akakiri kwamba hali ya hewa imebadilika.

Milka peke yake ndiye aliyetembea kama kawaida. Nyumba ile alikuwa ameipangusa kila siku kwa miaka miwili na miezi tisa, na viganja vyake viliijua. Siku ya pili alisimama mbele ya mlango wa ofisi kwa muda, akiyafikiria malezi yake. Kisha akaingia. Akahesabu droo kwa vidole, akafungua ya pili. Juu ilikuwa ya kozi, yenye jalada la ngozi. Chini yake ilikuwa ya kwake. Chini ya ya kwake zilikuwa nyingine nne, za wanawake ambao hakuwajua, ambao bila shaka walilala kati ya mashine na tangi kabla yake. Hakuweza kujua walikwenda wapi bila hizo. Alizirudisha kama zilivyokuwa, akachukua yake.

Aliifungua uani penye mwanga. Jina lake lilikuwapo, na tarehe yake ya kuzaliwa. Katika mraba wa picha palikuwa na moshi. Ulikuwa ukizunguka polepole, kama maziwa kwenye chai.

Alikwenda nayo langoni, na mfuko wake. Sheria ya kazi ya Wesley, iliyobandikwa kwenye kibanda, ilisema kwamba anayetoka na mzigo alinganishwe na kitambulisho chake. Wesley aliitazama pasipoti, akamtazama Milka, akaitazama tena. Alikuwa na kafili wake na yeye, mdhamini wa kibali chake cha kazi, na droo yake huko mahali.

"Mimi nakujua, Mama Jerop," alisema. "Lakini hapa sioni mtu."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Huko mbele hawatajua."

Alimrudishia kwa mikono miwili. Walisimama kidogo, wakaongea habari za mvua za nyumbani, kisha Milka akarudi ndani kwa sababu wali ulikuwa jikoni.

Siku ya tatu Abu Fahad alimwita, au aliita upande ambao alidhani yupo. Alisema kwamba amechoka kula bila kuona anachokula. Akasema kwamba kama Milka ataiponya mitutu, basi wallahi atamwachia aende zake, na hata tiketi ataikata. Alisema hivyo ndani ya moshi, na kwa kuwa moshi ulikuwa umeshajaa, haikuwezekana kujua kama umeongezeka.

Milka alimpigia mama yake. Mama yake na Jerop walikwenda mtoni wakakata senetwet, wakaikausha juu ya jiko, wakaifunga kwa gazeti. Mandubu aliishughulikia. Kifurushi kilipata cheti cha afya ya mimea, barua ya mwaliko na ruhusa ya kuingia katika siku nne, kikapanda ndege, kikapokewa uwanjani na dereva aliyeshika kibao chenye jina. Kilikaa kiti cha mbele mpaka Muaither.

Milka alifukiza mitutu yote sita kwa uangalifu. Moshi ulitoka ndani ya nyumba kwa mstari, kupitia mlango wa mbele, ukarudi kwenye kifaru. Watu waliangaliana. Abu Fahad alifurahi kuwaona wote, akawahesabu. Milka alimsogelea pale uani, akamkumbusha ahadi yake. Akamwonyesha pasipoti pia, akamwambia kwamba picha mpya inahitaji sahihi ya kafili, basi aweke sahihi.

Abu Fahad alisema hakika, kesho.

Mitutu ya kushoto, isipokuwa wa sita. Miwili ya kulia ikajazia. Hatua saba, mpaka kizingitini.

Januari shule zilifunguliwa. Jumatatu asubuhi Milka alikuwa juu ya kifaru, akisugua mtutu wa sita kwa ufito, simu ilipoita. Alishuka, akaiegemeza kwenye mnyororo, kisha akaishika mkononi. Jerop alikuwa amevaa sweta jipya la kijani, kubwa kwake, mikono imekunjwa. Alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nyuma yake nyanya alikuwa akitafuta kiatu cha pili. Jerop alimwonyesha mkoba, penseli, na jino linalotikisika. Milka aliviona vyote, akavisifu kimoja kimoja.

"Mama," alisema Jerop, "unakuja lini?"

Nyanya aliacha kutafuta kiatu. Alisogea akasimama nyuma ya mtoto, akamtazama Milka kwenye simu.

"Karibuni," Milka alisema. "Baada ya Ramadhani."

Mtutu wa sita ulitoa moshi. Haukuwa mwingi, ungetosha kibuyu kimoja, na haukunukia udi hata kidogo. Ulimfunika mwanamke mmoja na simu yake. Ulipopungua, Milka alikuwa amegusa ukuta wa nyumba kwa mgongo, hatua saba kutoka kwenye kifaru, mkono bado umenyoosha simu mbele.

"Mama, umeenda wapi?"

"Nipo."

Jerop alivuta pua. Alisema anasikia harufu ya mursik. Kisha kiatu kikapatikana, na nyanya akamshika mkono, wakaenda.

Milka aliiweka simu kwenye mfuko wa aproni, pamoja na pasipoti. Alirudi kwa zile hatua saba, akapanda kifaru, akaupangusa mtutu ungali na joto, kwa kuwa masizi yakipoa hushika, na Alhamisi kulikuwa na wageni.